Redio Mpya ya Gari Isiposhika Vituo

(Somo la redio kwa watu wazima. Wanaozungumza ni Mwalimu na Dereva. Somo hili lilinaswa uani, penye gari.)

MWALIMU: Leo hatumo chumbani kama kawaida yetu. Tumetoka uani, tumesimama karibu na gari dogo, maana somo letu linahusu redio ya gari. Mtu huondoa redio iliyokuja na gari lake, akafunga nyingine mpya iliyo nzuri zaidi, kisha akastaajabu kuona kuwa mpya haishiki vituo kama ilivyovishika ile ya zamani. Tunaye hapa dereva mmoja aliyepatwa na jambo hilo. Karibu, ndugu, tueleze.

DEREVA: Ahsante, Mwalimu. Gari hili si langu, ni la tajiri wangu. Lilitoka Japani likiwa limekwisha tumika. Redio yake ya kwanza ilishika vituo vichache tu, vile vilivyo chini ya 90. Tajiri akanipa fedha ninunue redio mpya na kutafuta fundi wa kuifunga. Ikafungwa. Nikitia nyimbo za kwenye USB, zinalia vizuri sana. Lakini nikiweka FM, nasikia kama mtu anakaanga samaki. Hapa Dar es Salaam napata kituo kimoja kimoja kwa shida. Nikifika Kibaha, vyote vimekwisha. Fundi asema ninunue busta. Tajiri asema nimenunua redio mbovu ya bei rahisi, na fedha iliyobaki nimeila. Mwezi huu amekwisha nitajia habari ya kunikata mshahara.

MWALIMU: Pole, ndugu. Kabla ya kusema nani mkweli na nani mwongo, na tuanze mwanzo. Huko Japani vituo vya FM vilipangiwa nafasi kutoka megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni nafasi hiyo imeongezwa hadi 95. Kwetu Afrika ya Mashariki vituo vya FM huanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani husikia kipande kidogo tu cha vituo vyetu, kile cha mwanzoni. Tajiri wako hakukosea kutaka redio nyingine. Sasa nikuulize: vile vituo vichache ambavyo redio ya zamani ilivishika, ilivishika vizuri?

DEREVA: Vizuri kabisa, hata nikipita Kibaha.

MWALIMU: Na redio mpya, ukiiweka kwenye vituo vile vile?

DEREVA: Navyo vinakaanga samaki.

MWALIMU: Hapo, ndugu, umetueleza jambo kubwa. Wasikilizaji, liandikeni. Gari ni lile lile, antena ni ile ile, barabara ni ile ile, na vituo ni vile vile. Kilichobadilika ni nini?

DEREVA: Redio. Basi redio ndiyo mbovu?

MWALIMU: Huenda, lakini usikimbilie huko. Vilivyobadilika ni viwili: redio, na viungo vyake, yaani mahali nyaya za gari zinapokutana na nyaya za redio. Na ni rahisi zaidi kukosea kiungo kuliko kuuziwa redio mpya iliyokufa. Tena umesema nyimbo za USB zinalia vizuri. Maana yake umeme unafika, na spika ni nzima. Ila iko kwenye njia ya mawimbi tu.

Njia hiyo ina vituo vitatu. Kwanza ni antena, inayonasa mawimbi hewani. Pili ni waya wa antena. Huu si waya wa kawaida: katikati una uzi mwembamba wa shaba unaochukua mawimbi, na nje umezungushiwa wavu wa madini unaozuia uchafu wa umeme usiingie. Tatu ni redio yenyewe. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kituo cha megahezi 100 hutoa mawimbi milioni 100 kwa sekunde. Gawanyeni, mtaona kuwa wimbi moja lina urefu wa mita 3. Antena nyofu hunasa vizuri ikiwa na robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Ndiyo sababu magari ya zamani yalikuwa na fimbo ndefu ubavuni.

DEREVA: Gari hili halina fimbo, Mwalimu.

MWALIMU: Hilo ndilo nililokuwa nakungojea useme. Tazama kioo cha nyuma cha pembeni. Unaiona mistari myembamba iliyochorwa ndani ya kioo?

DEREVA: Naiona. Nilidhani ni ya kuondoa ukungu.

MWALIMU: Ya kuondoa ukungu iko kwenye kioo kikubwa cha nyuma. Hii ni antena. Magari mengine yana fimbo fupi ya shubiri moja juu ya paa, mengine yana kitu mfano wa pezi la papa. Zote hizo hazinasi mawimbi kwa nguvu kama fimbo ndefu. Kwa hiyo watengenezaji huweka karibu na antena kijisanduku kidogo cha kuongeza nguvu ya mawimbi kabla hayajaanza safari kwenda kwenye redio. Hicho ndicho mafundi wetu wanachokiita busta.

DEREVA: Kumbe gari tayari lina busta!

MWALIMU: Linayo tangu lilipotoka kiwandani. Lakini busta haili hewa, inakula umeme. Redio ya zamani ilikuwa ikiipelekea umeme kimya kimya kila ilipowashwa, wala hakuna aliyejua. Umeondoa redio ile, umemwondoa mlishaji. Na busta isiyopata umeme si kwamba haisaidii tu, bali huziba njia. Mawimbi hufika mlangoni, yakapenya machache kama maji chini ya koki iliyofungwa. Wewe unabadili bomba jikoni, kumbe koki imefungwa kwenye tangi.

DEREVA: Lakini tutajuaje kuwa ndiyo hiyo? Nisije nikamwambia tajiri maneno, akanicheka.

MWALIMU: Vema sana. Hatutakisia, tutapima. Na tutapima jambo moja moja kwa taratibu, kwa maana ukigusa mambo matatu kwa pamoja, hata gari likipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Jambo la kwanza halihitaji hata bisibisi. Washa redio, injini ikiwa imezimwa. Chomoa chaja ya simu. Sasa weka kituo cha karibu chenye nguvu.

(Redio inasikika ikikwaruza.)

DEREVA: Bado samaki.

MWALIMU: Kama ingetakata injini ilipozimwa, tungejua kuwa mawimbi yanafika, ila kuna uchafu unaotoka katika gari lenyewe. Haikutakata. Jambo la pili, tutazame mipangilio ya redio. Redio nyingi hukuuliza ziko nchi gani. Ikipangwa kwa Marekani, huruka hatua mbili mbili, 92.1, 92.3, 92.5. Kituo cha 92.4 kitapitwa, nawe utakisikia kikikwaruza pembeni. Ikipangwa kwa Japani, haifiki kabisa kwenye vituo vya juu. Tena yako maandishi LOC. Hayo yakiwashwa, redio inapojitafutia vituo husimama kwenye vile vyenye nguvu tu. Yako imepangwaje?

DEREVA: Yasema Ulaya, na LOC imezimwa.

MWALIMU: Mpangilio huo unafaa kwetu. Jambo la tatu, plagi ya antena. Tutaitoa redio katika nafasi yake. Lakini ngoja kwanza! Zima swichi, fungua boneti, legeza kichwa cha hasi cha betri, ukiweke mbali. Wasikilizaji, msifanye kazi ya nyaya betri ikiwa imefungwa. Waya mmoja ukigusa bodi, fyuzi inakatika, au redio mpya inaungua. Na nyaya zilizo katika plagi za manjano karibu na usukani msiziguse kabisa. Aghalabu ni za mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga.

(Redio inatolewa.)

Haya. Hii plagi nene ya mviringo ndiyo ya antena. Ivute kidogo. Imekaa?

DEREVA: Imekaa sawasawa. Ila kuna kipande kingine katikati.

MWALIMU: Hicho ni kiunganishi, kwa sababu mdomo wa plagi ya gari hili haulingani na tundu la redio mpya. Hapo pana hila. Plagi yaweza kuonekana imeingia, kumbe bado nusu sentimita, na uzi wa katikati haugusi kitu. Isukume mpaka uisikie ikikaa. Kisha tutarudisha umeme, redio ikiwa inaning'inia, na utaitikisa plagi. Sauti ikija na kupotea, ila iko pale.

(Umeme unarudishwa. Redio inakwaruza vile vile.)

DEREVA: Natikisa, haibadiliki.

MWALIMU: Basi plagi tumeiachilia. Jambo la nne ndilo litakaloamua kesi yako na tajiri. Nimekuja na waya wa kawaida, urefu wake sentimita 75. Ncha moja nimeimenya kidogo. Zima redio, chomoa plagi ya antena, kisha uchomeke ncha hii katika kitundu cha katikati cha redio. Usiguse kingo za nje. Waya wenyewe upitishe dirishani, uning'inie nje ya gari. Washa.

(Kituo kinasikika vizuri.)

DEREVA: Mwalimu! Kimekuja! Na hiki cha 100 na kitu pia!

MWALIMU: Unaona? Kipande cha waya cha bei ya andazi kimeishinda antena ya gari zima. Redio yako ni nzima. Ila iko upande wa antena. Kama waya huu usingeleta chochote mahali hapa penye vituo vyenye nguvu, ndipo tungeanza kuishuku redio, na ungeirudisha dukani pamoja na risiti yake.

DEREVA: Risiti ninayo. Nilimwonyesha tajiri, hakuitazama.

MWALIMU: Itunze. Sasa jambo la tano. Tazama nyaya zinazotoka nyuma ya redio. Katika redio nyingi za kununua, mweusi ni wa ethi, wa manjano ni umeme wa betri usiokatika, na mwekundu ni umeme unaokuja kwa swichi. Tena uko wa buluu. Huo ndio wa kuilisha antena. Ukiona wa buluu wenye mstari mweupe, huo kwa kawaida ni wa kuwashia amplifaya kubwa ya spika. Lakini usiamini rangi peke yake. Soma karatasi iliyokuja na redio. Wa kwako wa buluu uko wapi?

DEREVA: Huu hapa. Umekunjwa, ukafungwa tepu. Haukuungwa na kitu.

MWALIMU: Usimlaumu fundi kwa haraka. Aliunga umeme, akaunga spika, redio ikawaka na kuimba. Aliona kazi imekwisha. Sasa tupime kwa mita. Ncha nyeusi iweke kwenye bodi penye chuma kitupu, nyekundu kwenye waya wa buluu. Redio iwe kwenye FM, maana redio nyingine hukata umeme huu unapopiga USB.

DEREVA: Inasoma 12 na kitu.

MWALIMU: Redio inatoa chakula. Kabla hatujaanza nilitazama mchoro wa nyaya wa aina hii ya gari, nikautambua waya unaokwenda kwenye busta. Rangi yake hutofautiana gari kwa gari, kwa hiyo asikisie mtu. Pima na huo.

DEREVA: Sufuri.

MWALIMU: Huku 12, huku sufuri, na kati yao pengo la upana wa kiganja. Ndiyo ila yote hiyo. Ondoa tena kichwa cha betri. Rudisha plagi ya antena. Unga waya wa buluu na waya wa busta, uulehemu au uubane kwa kiungo cha madini, kisha ufunge tepu vizuri. Kusokota kwa vidole tu hakufai, maana barabara zetu zitautikisa mpaka uachane.

(Kazi inafanyika. Redio inawashwa, vituo vinasikika.)

DEREVA: Alhamdulillahi. Huyu anasikika kama amekaa kiti cha nyuma. Kumbe ni waya mmoja!

MWALIMU: Waya mmoja. Nawe nikuonye juu ya njia moja ya mkato. Wengine huchukua umeme wa busta kutoka waya wa manjano kwa kuwa uko karibu. Itafanya kazi, lakini busta itakula betri mchana na usiku, hata gari likiwa limelala. Gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa, utakuta betri imechoka. Na gari lenye antena ya mota inayopanda na kushuka, antena haitashuka tena.

DEREVA: Na busta anayoitaka fundi niinunue?

MWALIMU: Ungeifunga nyuma ya ile iliyolala, nayo ingepewa nini cha kuongeza? Busta haichagui. Huongeza mawimbi pamoja na uchafu wote uliokwisha kuingia. Mawimbi yakiwa madogo na uchafu mkubwa, utapata uchafu mkubwa zaidi. Usipoteze fedha.

Sasa, wasikilizaji, si magari yote yatapona kwa dawa hii. Magari mengine hayana waya wa peke yake wa busta. Umeme hupita ndani ya waya ule ule wa antena. Hayo yanahitaji kiunganishi maalum chenye kijiwaya cha kuungwa na waya wa buluu. Msisukume umeme kwenye plagi ya antena bila kiunganishi hicho. Magari yenye fimbo ndefu isiyo na busta hayahitaji waya wa buluu hata kidogo. Hayo tazameni kama fimbo imekazwa, maana wengine huifungua wakiosha gari wakasahau kuirudisha. Chomoeni plagi, mpime kwa mita: kutoka ncha ya plagi hadi kwenye fimbo, umeme upite. Kutoka ncha hiyo hadi kwenye bodi, usipite. Ukipita, waya umebanwa mahali, na uzi wa kati unagusa wavu.

Tena tazameni kitako cha antena. Bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Kikishikwa na kutu, au gari likipakwa rangi mpya na chuma kikafunikwa, antena hupoteza nusu yake. Na wenye antena ya kwenye kioo wawe na hadhari na karatasi za giza. Zile zenye madini ndani yake huzuia mawimbi, kama ukuta wa mabati.

DEREVA: Mwalimu, na ile chaja uliyonichomolesha?

MWALIMU: Umenikumbusha. Washa injini, weka kituo cha mbali kilicho dhaifu. Sasa ichomeke.

(Mkwaruzo unasikika.)

DEREVA: Samaki wamerudi!

MWALIMU: Huo ni ugonjwa wa pili, wala hauhusiani na wa kwanza. Chaja hugeuza volti 12 kuwa 5 kwa kukata na kuunga umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Iliyotengenezwa ovyo humwaga uchafu huo hewani. Taa za LED za bei rahisi na kamera za dashibodi zaweza kufanya hivyo hivyo. Dawa yake ni kuchomoa kimoja kimoja mpaka umjue mkosaji, ubadili hicho kwa kilicho bora, na kuweka nyaya zake mbali na waya wa antena. Kama ni mluzi unaopanda na kushuka unapokanyaga mafuta, tazama ethi ya redio. Iungwe kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi.

Mwisho, kumbukeni kuwa FM husafiri karibu na mstari mnyofu. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, akipinda nyuma ya mlima, sauti yaweza kukatika hata kama redio yake haina ila. Kwa hiyo kabla ya kulaumu gari lako, simama kando ya gari jingine, mahali pamoja, kituo kimoja, usikilize yote mawili.

DEREVA: Sasa kwa tajiri nifanyeje? Nikimwambia ilikuwa waya, atasema nimepanga maneno.

MWALIMU: Usimwambie, mwonyeshe. Mkalishe garini, redio ikiwa imewashwa. Ule waya wa buluu tumeuwekea kiungo kinachochomoka. Kichomoe, asikie samaki. Kirudishe, asikie kituo. Fanya mara tatu bila kusema neno. Kisha mpe risiti yake mkononi.

DEREVA: Nitafanya leo jioni. Ahsante sana, Mwalimu.

MWALIMU: Nasi twakuombea heri. Wasikilizaji, yashikeni haya manne. Kwanza, jiulizeni kilichobadilika. Pili, pimeni kabla ya kununua. Tatu, gusa jambo moja kwa wakati mmoja. Nne, betri ifunguliwe kabla ya kugusa nyaya. Mpaka somo lijalo, kwa herini.

MASWALI KWA VIKUNDI

1. Kwa nini redio ya gari lililotoka Japani hushika vituo vichache tu hapa kwetu?

2. Redio mpya inapiga nyimbo za USB vizuri, lakini FM inakwaruza. Jambo hilo linatuambia nini juu ya spika na umeme wa redio?

3. Eleza jinsi waya wa sentimita 75 unavyoweza kuonyesha kama ila iko kwenye redio au kwenye antena.

4. Kwa nini si vizuri kuchukua umeme wa busta kutoka waya wa manjano?

5. Je, katika kikundi chenu yupo aliyebadilisha redio ya gari? Tazameni pamoja naye kama waya wa buluu umeungwa, na kama antena yake ina busta.